Risala ya Benchi Refu kwa Mgeni wa Mashine Mpya ya Moyo

Mgeni rasmi, uliyekuja kutufungulia mashine mpya,
Viongozi mlioketi pamoja naye,
Wauguzi wetu, na ninyi wagonjwa wenzetu mlioacha vitanda vyenu mkaja kusikiliza,

Tunawaamkia wote, kila mmoja kwa umri wake.

KARIBU, KWA SAUTI YA CHINI

Karibu sana, Mgeni rasmi. Ukiona tunasoma kama watu wanaosengenya, usidhani tumekosa furaha. Vigelegele tulikuwa tumevipanga, na wenye vifua vya kuvipigia tulikuwa nao. Tumeviacha kwa makusudi.

Nyuma ya ukuta huo uliouegemea kuna chumba kidogo. Ndani yake amelala chali mwenzetu mmoja, mshonaji, amebandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Nyaya hizo zinakwenda kwenye mashine ya zamani, ile ambayo gari lililosimama hapo nje limekuja kuichukua shughuli hii ikiisha. Mwenzetu anatakiwa apate usingizi kabla gari halijaondoka. Hiyo ndiyo risala yetu yote. Yanayofuata ni maelezo.

Hapo mbele unaona kiti cha daktari wetu kiko wazi. Si dharau. Daktari amesimama kichwani pa mgonjwa na sindano ya kuamshia moyo iko tayari mkononi. Ametutuma tukuombe radhi, nasi tunakuomba.

Tena, haya tutakayokusomea kuhusu mashine hatukuyaokota barabarani. Tuliambiwa na fundi wa mashine mwenyewe, asubuhi ile aliyoitoa hii mpya kwenye sanduku lake. Tulikuwa tumekaa hapa hapa tukamwuliza, akatujibu, tukamwuliza tena kama hatujasikia. Ni kijana mwenye subira, aliyemlea alilea.

SISI NI NANI

Sisi ni watu wa benchi. Benchi lenyewe ni hilo hapo ukumbini, limeanzia mlangoni likaishia dirishani, mguu wake mmoja umewekewa tofali. Tunaokaa hapo ni wenye mioyo mibovu na wale wanaowasindikiza, na siku nyingine huwezi kujua nani ni nani.

Tuna desturi yetu moja. Nesi akiita jina na mwenye jina akawa amesinzia, zamu yake inaruka, anaanza upya nyuma ya wote. Kwa hiyo tumezoea kugutushana. Ukimwona jirani kichwa kinaanza kuinama, unampa kiwiko cha mbavu. Hakuna anayekasirika. Mtu akipigwa kiwiko anasema asante.

Huyo mshonaji alipoanza kuja kwetu, viwiko alivipata kuliko wote, maana alikuwa hamalizi kukaa kabla ya kuinama.

Jina lake la mtaani ni Sinzia. Alipewa na wateja. Cherehani yake iko barazani kwake, anashona sare za shule na mapazia, na mikono yake ni ya haraka. Ila mchana ukitulia, mteja alikuwa anaweza kufika akamkuta paji la uso liko juu ya kitambaa.

"Hee, fundi! Unanishonea gauni au unanishonea mto?"

"Nakushonea gauni, nalijaribu kama linalalika," anajibu, wanacheka wote, na jina linazidi kushika.

Ambacho hakuwaambia wateja ni kwamba usingizi ule haukuwa mtamu. Alikuwa akianza tu kuzama, kitu ndani ya kifua kinasimama. Yeye alikisema kwa lugha ya kazi yake: ni kama cherehani iliyoteleza mkanda. Mguu unakanyaga, gurudumu halizunguki. Kisha mkanda unashika ghafla, kifua kinaruka, anaamka jasho linamtiririka, na gauni la mtu liko chini.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mama mkwe wake, bibi wa watoto wake, wanayekaa naye nyumba moja. Kuanzia hapo mama mkwe akajipa kazi. Mkwewe akijinyoosha kidogo tu, yeye anavuta kigoda anakaa karibu, anasikiliza pumzi. Pumzi ikikawia anamtikisa bega.

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala, mama. Sasa umeniamsha."

"Ulikaa kimya."

"Watu wakilala hukaa kimya, mama."

"Kimya chako hakikunipendeza."

Basi ndivyo walivyoishi, mmoja anaogopa kulala na mwingine anaogopa mwenzake asilale akapitiliza.

TULIVYOPIMA TUSIPATE KITU

Sinzia alipimwa hapa zaidi ya mara moja, na kila alipopimwa alitoka na karatasi nzuri. Mapigo yamepangana kama mshono wa kola. Nesi wetu, ambaye tunampenda na hatumsemi vibaya, alimwambia, "Moyo huu ni wa mwanajeshi, dada. Nenda nyumbani."

Hospitali kubwa nako alipelekwa. Huko wana kile kifaa kidogo cha betri kinachowekwa chini ya ngozi, moyo ukisahau kinaukumbusha. Wakamwambia kwa upole kabisa: hatuwezi kumpasua mtu kwa maneno. Tuletee mstari unaoonyesha moyo umesimama.

Akarudi mikono mitupu. Hapo ndipo maneno yakaanza. Mtaani walisema mvivu kapata ugonjwa wa kumfaa. Hata kwenye benchi letu kuna aliyesema, naye yuko hapa leo na anainamisha kichwa. Sinzia akaacha kusimulia. Akawa anashona amesimama, cherehani kaipandisha juu ya makasha na kuizungusha kwa mkono, ili usingizi usimpate. Mama mkwe akimwuliza anasema miguu imechoka kukaa.

KUHUSU MASHINE MPYA, NA SIFA ZAKE

Mgeni rasmi, mashine uliyotuletea ni nzuri. Tunalisema hili mapema usije ukafikiri tunarudisha zawadi.

Siku ile tulimwuliza fundi, "Baba, hiyo inauonaje moyo bila kupasua?"

"Haiuoni, mama. Moyo ukitaka kupiga, kuna umeme mdogo unapita, mdogo sana. Unafika mpaka kwenye ngozi. Mashine inauonja hapo kwenye ngozi."

"Inauonja mara moja?"

"Mara nyingi, harakaharaka, hata kabla hujapepesa jicho. Kila ikionja inaweka nukta. Nukta zikikaa karibu karibu, wewe unaona mstari."

Sinzia alikuwa kakaa mwisho wa benchi, upande wa dirishani. Akainua kichwa.

"Kumbe inashona," akasema.

Fundi akacheka. "Haswa, dada. Inashona."

"Na hatua ya mshono ikiwa ndefu?"

"Inaruka vitu. Inaweza kupita juu ya tundu, ukaangalia ukaona kitambaa kizima. Ndiyo maana hatua yake imefanywa fupi sana."

Kisha akatueleza ubora wake mkubwa. Umeme wa moyo ni mdogo, na njiani unachafuliwa. Mkono wa mgonjwa ukitetemeka, unachafua. Taa ya juu ikivuma, inachafua. Mashine mpya inachukua mapigo mengi ya mtu mmoja, inayapanga moja juu ya jingine, kama vitambaa unavyovirundika ili mkasi uvikate pamoja. Kinachojirudia mahali pale pale kila pigo, kinabaki. Kinachotokea ovyo ovyo kinafutika. Mwisho inakutolea pigo moja tu, safi, pigo la wastani.

Tunaye mzee wetu tunayemwita Mikono, kwa kuwa yake haitulii hata akiikalia. Karatasi zake zote zilikuwa kama kuku kapita juu ya unga. Fundi alipojaribu mashine mpya kwake, ugonjwa wake ulionekana siku hiyo hiyo, na dawa ameanza. Yuko hapo safu ya pili. Anakushukuru kwa kukutikisia mikono, usifikiri anakupungia.

Tulipokuwa bado tunampongeza mzee Mikono, Sinzia akauliza tena, taratibu:

"Fundi, na pigo lisilokuja?"

"Lipi?"

"Unasema unapanga mapigo juu ya mapigo. Lile ambalo halikuja, unalipanga wapi?"

 Fundi akafuta mikono kwa kitambaa chake, ingawa haikuwa na kitu.

"Halipangiki, dada. Kama halikuja, hakuna cha kuweka. Mashine inaendelea na yaliyokuja. Na ikishapata yanayotosha, inajizima."

"Basi mimi," Sinzia akasema, "kwenye hiyo mashine yako nitakuwa mzima mpaka siku ya kufa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha kiuno.

Daktari alikuwa anapita, akasimama. Akamwuliza moyo unasimama akiwa anafanya nini.

"Nikisinzia, daktari."

"Kila mara?"

"Sijawahi kusimamishwa nikiwa macho."

Mgeni rasmi, tungependa ungekuwepo uone nyuso zetu. Maana nesi, kila akimpima mtu, humwambia, "Usilale, napima," kwa sababu anayelala hushtuka na kuharibu mistari. Sisi wa benchi tulikuwa tunampa viwiko. Nyumbani mama mkwe alikuwa anamtikisa bega. Wote tuliompenda tulikuwa tumejipanga mlangoni, tukikizuia kile kitu kisitokee, na huku tunalalamika kwamba hakionekani.

Daktari akageuka kwa fundi. "Mashine hii mpya haina namna ya kurekodi kwa muda mrefu, bila kupanga wala kufuta?"

"Inayo, daktari. Ipo ndani, lakini imefungwa. Wanaofungua ni waliouza, na mpaka waandikiwe na ofisi iliyonunua."

Ofisi iliyonunua ni yako, Mgeni rasmi.

"Na ile ya zamani?"

"Ile ni kalamu na karatasi tu. Inachora linalokuja, kama lilivyo, mpaka karatasi iishe. Lakini nimeagizwa niirudishe."

TAABU ZETU ZA TANGU SIKU ILE

Kumwambia mtu alale ni rahisi. Kumwambia alale ili kile anachokiogopa kimjie, hapo ndipo penye kazi.

Sinzia alilazwa kwenye chumba kile, akavishwa nyaya. Yule mwanamke aliyekuwa anasinzia juu ya magauni ya watu, sasa macho makavu kama ya samaki sokoni. Anahesabu madoa ya dari. Anauliza nyumbani nani kafunika cherehani. Nesi kazima taa ili isivume, kaziba dirisha kwa shuka. Wapi.

Leo asubuhi, kabla viti hivi havijapangwa, akapotelea usingizini kidogo. Chumbani alikuwapo daktari, nesi na mama mkwe. Kalamu ilikuwa inapanda na kushuka vizuri. Kisha ikaenda sawa.

Ikaenda sawa tu. Karatasi inatoka, na juu yake mstari umelala kama uzi uliodondoka. Daktari kainua sindano lakini hajaichoma, anaangalia kalamu. Nesi kashika ukingo wa kitanda. Mama mkwe, kwa mikono yake ile iliyozoea bega, alifanya jambo moja tu aliloliweza: aliikalia. Aliiweka chini ya mapaja yake akaibana, na midomo inasema maneno ambayo hata yeye hayakumbuki.

Mstari ulipofika urefu wa kiganja, kalamu ikaruka. Sinzia akakaa kitako, jasho jembamba usoni.

"Nani kanisukuma?"

"Hakuna aliyekusukuma, mwanangu."

"Wewe, mama, hukunitikisa?"

"Sikukutikisa."

"Mkwe gani wewe!" akasema, na akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Tulidhani ndiyo mwisho. Daktari alishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, halafu akatuvunja moyo. Alisema waya ukilegea kidogo nao unatoa mstari kama huo huo. Hospitali kubwa watauliza, mnajuaje si waya? Kitu kilichotokea mara moja hakina cha kukithibitisha. Kikijirudia, kwa namna ile ile, akisinzia tena, na nyaya zikiwa zimekazwa mbele ya mashahidi, hapo hawana la kusema.

"Kwa hiyo alale tena," nesi akasema.

"Alale tena," akasema daktari.

Sinzia aliwasikia. Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Hapana," akasema. "Mimi nimeshakwenda na kurudi. Nani anajua njia ya pili?"

Na hapo hapo nje wakaanza kujaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, na dereva wa gari akawasha injini kuipasha moto.

MAOMBI

Mgeni rasmi, umezoea kuombwa majengo. Sisi tunaomba vidogo.

Gari lile lizimwe. Injini yake inatikisa dirisha, dirisha linatikisa kitanda, na kalamu inachora gari badala ya moyo. Dereva tumemwomba, anasema hazimi mpaka aambiwe na mkubwa. Mkubwa umefika.

Mashine ya zamani tuachiwe. Hatusemi milele. Tuachiwe mpaka ile ya ndani ya mashine mpya ifunguliwe. Na ili ifunguliwe, ofisi yako iwaandikie waliouza. Mzee Mikono na wenzake wana haki ya pigo lao la wastani. Lakini wapo wenzetu ambao ugonjwa wao hautokei kwenye kila pigo, unatokea mara moja moja, pembeni, mtu akiwa amejisahau. Hao ukiwapiga wastani unawafuta. Tunakuomba wasifutwe.

Fundi asilaumiwe kwa aliyotuambia. Tulimwuliza sisi. Tangu asubuhi amekaa kwenye ngazi za gari, hajapakia kitu, na aliyemwagiza amempigia simu zaidi ya mara moja. Anasema anasubiri kusainiwa. Hakuna wa kumsainia, daktari ana kazi.

Na ombi la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa kuwa tunajua umetoka mbali na nguo umepiga pasi. Tunaomba usipigiwe makofi. Ukikubali haya tuliyoomba, inua mkono tu, tutauona. Sisi tutakujibu kwa mikono pia. Utepe ukiukata, ukate polepole.

KARATASI YA NYONGEZA

Hii tumeiandika kwa haraka kwenye benchi, wakati unaoneshwa maabara, kwa hiyo utatusamehe mwandiko.

Muda mfupi uliopita mama mkwe alirudi chumbani. Alimkuta Sinzia macho yako darini, na mguu wake wa kulia chini ya shuka unakanyaga, unakanyaga, kama uko kwenye cherehani.

"Mama, ukiniona nimekaa kimya sana, niamshe."

"Sikuamshi."

"Siku zote uliniamsha nisipotaka. Leo nakuomba, unakataa."

"Siku zote nilikosea. Leo niache nipatie."

Sinzia akageuza uso ukutani. Mama mkwe hakumbembeleza, maana bembelezo humfanya mtu ajue anabembelezwa. Akavuta kiti, akatoa kwenye mfuko wake gauni lake kuukuu, lile la kola iliyong'oka ambayo mkwewe anamwahidi kila siku kuirudishia.

"Hebu nielekeze hii kola. Nitaishona mwenyewe, wewe hata hupatikani."

"Hiyo utaiharibu, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Kwanza alijibu kwa hasira. Kunja hivi, si hivyo. Baadaye hasira ikaisha, ikabaki sauti ya kazi, ile anayoitumia akiwa na pini mdomoni. Nesi akakagua kila waya na kuukaza, akatuita wawili, tukaangalia kwa macho yetu. Ule mguu ukaanza kukanyaga polepole.

Hapo daktari akamwonyesha mama mkwe mlango kwa kidevu. Huyo mama mkwe ndiye anayekusomea risala hii, Mgeni rasmi. Tulikuwa tumemchagua msomaji mwingine mwenye sauti nzuri, lakini tumeona mikono ya bibi huyu ina usalama zaidi ikiwa imeshika karatasi.

Mungu akuzidishie afya na wanao. Moyo wako upige bila kusahau hata mara moja. Na siku utakayosinzia, usinzie mahali ambapo watu wanakuangalia kwa upendo na hawakugusi.

Maneno ya mwisho ya Sinzia kule ndani, kalamu ikiendelea na karatasi ikitoka, ni haya: "Unaanzia katikati ya shingo, mama, huanzii pembeni. Ukianzia pembeni, ukifika mwisho..."

Hakumalizia. Amelala.

Ni sisi, tukiwa kimya,
Kikundi cha Benchi Refu, Ukumbi wa Kupimia Moyo.